Nauli ya Kwenda Kumwona Jackie

Katika msimu wa besiboli wa mwaka 1947, treni maalumu iliondoka Norfolk, mji wa bandari katika jimbo la Virginia, ikaelekea Cincinnati, jimbo la Ohio. Njiani ilisimama kupakia abiria Weusi. Hawakuwa wanahama, hawakuwa wanakwenda msibani, wala hawakuwa wanatafuta kazi. Walikuwa wanakwenda kutazama mchezo wa alasiri moja, kisha warudi makwao. Kutoka Norfolk hadi Cincinnati ni zaidi ya kilomita 900, kwenda tu. Treni ile ilipewa jina la mtu waliyekuwa wanamfuata: Jackie Robinson.

Habari za Robinson zimeandikwa mpaka rafu zikajaa. Kwa kawaida husimuliwa kama habari za wanaume wawili: Branch Rickey, bosi wa timu ya Brooklyn Dodgers, Mmethodisti wa sigara na mahubiri, na kijana Mweusi aliyekubali kutukanwa bila kujibu ili avunje ukuta wa rangi katika ligi kuu ya Marekani. Sina ugomvi na masimulizi hayo. Ila mimi huwa nabaki nikiwafikiria waliomo ndani ya treni. Ligi kuu ilikuwa biashara, na biashara huhesabu hela mlangoni. Baba, mama na watoto waliokata tiketi ya treni, halafu wakakata tiketi ya uwanja, ndio waliowafanya wenye timu waone kwamba ukuta ule ulikuwa unawala hela. Na wao wenyewe walilipa zaidi ya nauli na kiingilio.

Kwa aliyekulia kwenye soka, maelezo mafupi yanatosha. Timu mbili za watu tisa tisa. Mmoja anarusha mpira, mpinzani anajaribu kuupiga kwa rungu la mti, na akiupiga anakimbia kuzunguka vituo vinne. Kituo cha mwisho ndicho alikoanzia, na kinaitwa nyumbani. Akifika nyumbani salama, timu yake imepata pointi moja. Mengine yote ni ufundi na mabishano.

Mwaka 1947 timu za ligi kuu zilikuwa 16, zimegawanywa katika ligi mbili na kusambazwa katika miji 10 tu. Hakuna hata mmoja uliokuwa katika majimbo ya Kusini ya ndani, Georgia, Alabama au Mississippi, ambako mamilioni ya Wamarekani Weusi walikuwa bado wanaishi. Washington ilikuwa na timu, lakini ilikuwa ya ligi ile nyingine, kwa hiyo Dodgers hawakupeleka mechi zao za msimu huko. Ilibaki miji miwili ya mpakani: St. Louis, ukingoni mwa mto Mississippi, na Cincinnati, ukingoni mwa mto Ohio, ambapo ukitazama ng'ambo unaiona Kentucky. Aliyetaka kumwona Robinson akicheza ligi kuu bila kwenda mbali zaidi kaskazini, alikwenda moja kati ya miji hiyo.

Safari yenyewe ilikuwa na sheria zake. Virginia na Kentucky, kama majimbo mengine ya Kusini, zilikuwa na sheria za kuwatenga abiria kwa rangi. Mara nyingi behewa la Weusi liliwekwa karibu na injini, penye moshi na masizi. Kwenye behewa la chakula, Mweusi aliweza kukaa nyuma ya pazia, au asipewe huduma kabisa. Ndiyo maana familia zilibeba masurufu yao: kuku wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, kipande cha keki, vyote vimepangwa ndani ya boksi la viatu. Waliosafiri kwa gari walikuwa na kitabu kidogo kilichotolewa na Victor Hugo Green, mfanyakazi wa posta wa Harlem, tangu mwaka 1936, kikiorodhesha hoteli, migahawa, vituo vya mafuta na hata nyumba za watu binafsi ambako msafiri Mweusi angepokewa. Familia ilijua mapema itakojisaidia na itakolala, kwa sababu kutojua kulikuwa na hatari.

Kisheria mambo yalikuwa yameanza kutikisika. Juni 1946, katika kesi ya Irene Morgan, mwanamke aliyekataa kuacha kiti chake katika basi la kutoka Virginia kwenda Maryland, Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba majimbo hayawezi kuwatenga kwa rangi abiria wa mabasi yanayovuka mipaka yao. Hukumu ikatoka, madereva wakaendelea kama kawaida. Aprili 9, 1947, wanaume 16, Weusi wanane na Weupe wanane, waliondoka Washington kwa mabasi kwenda Kusini ili kuona kama hukumu ile ina meno. Baadhi yao walikamatwa, na mmoja wao, Bayard Rustin, baadaye alitumikia siku 22 akifanya kazi ngumu katika genge la wafungwa huko North Carolina. Siku iliyofuata baada ya wanaume wale kuondoka, Aprili 10, Dodgers walitangaza kwamba wamemchukua Jackie Robinson. Matukio hayo mawili hufundishwa katika sura tofauti za vitabu. Kwa familia iliyokuwa inapanga safari ya Cincinnati, yalikuwa habari za wiki moja.

Robinson mwenyewe alizijua safari hizo. Alizaliwa Januari 31, 1919, karibu na mji wa Cairo, jimbo la Georgia, akiwa mtoto wa mwisho kati ya watano. Baba aliondoka nyumbani. Mwaka 1920 mama yake, Mallie, aliwachukua watoto wote watano akapanda nao treni ya usiku kwenda California, upande wa pili wa bara, Jackie akiwa bado hajafikisha mwaka mmoja na nusu. Akawalea Pasadena kwa kazi za ndani katika nyumba za Wazungu. Mwanawe mmoja, Mack, alishika nafasi ya pili nyuma ya Jesse Owens katika mbio za mita 200 kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Jackie alisoma chuo kikuu cha UCLA, akawa ofisa wa jeshi, na mwaka 1944 huko Texas akafikishwa mahakama ya kijeshi kwa mzozo ulioanza alipokataa kwenda kukaa nyuma ya basi. Aliachiwa huru.

Kuna boksi moja la viatu ambalo ningependa lingehifadhiwa makumbusho. Mwishoni mwa Februari 1946, wiki chache tu baada ya harusi, Jackie na mkewe Rachel walipanda ndege California kwenda Florida, kwenye mazoezi yake ya kwanza na timu ndogo ya Dodgers. Rachel alivaa koti la manyoya alilozawadiwa na mumewe. Mallie akawaletea uwanja wa ndege boksi lenye kuku na mayai. Rachel aliona aibu: watu wanapanda ndege, wamependeza, halafu washike boksi la kuku kama washamba? Wakalichukua kwa heshima ya mama. New Orleans walishushwa kwenye ndege, na mgahawa wa uwanjani haukuwaruhusu Weusi kukaa ndani kula. Walikula cha Mallie. Wakafika Pensacola, wakashushwa tena ili viti vyao wapewe Wazungu. Safari iliyobaki waliimalizia kwa basi, kwenye viti vya nyuma, na Rachel alisimulia baadaye kwamba alilia kimya kimya gizani. Nadhani Mallie alijua. Alikuwa amekulia Georgia.

Mwaka mmoja baadaye, Aprili 15, 1947, Rachel alifunga safari nyingine, fupi zaidi, kutoka chumba chao cha hoteli Manhattan kwenda uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn. Alikuwa na mtoto wao wa kwanza, Jackie Junior, wa miezi mitano kasoro siku chache. Hali ya hewa ya New York mwezi Aprili si ya California, na nguo za mtoto zilikuwa nyepesi mno. Jukwaani alikuwepo mama mkwe wa Roy Campanella, mchezaji mwingine Mweusi wa Dodgers ambaye wakati huo alikuwa bado timu ndogo. Mama huyo akamwingiza mtoto ndani ya koti lake la manyoya. Hivyo ndivyo familia ya Robinson ilivyoitazama mechi ambayo leo ina siku yake kwenye kalenda ya ligi: mama anapepesa macho kati ya uwanja na mwanawe, na mtoto ana joto la koti la mtu mwingine. Robinson hakupata pigo hata moja. Alifunga pointi moja, Dodgers wakashinda 5 kwa 3. Watazamaji walizidi 25,000, na kwa makadirio ya wakati ule zaidi ya nusu walikuwa Weusi.

Waliokwenda uwanjani hawakwenda wakiwa huru kama mashabiki wengine. Miezi miwili kabla, Februari 1947, Rickey aliwakusanya viongozi wa jamii ya Weusi wa Brooklyn katika jengo la YMCA, akawapa somo. Ujumbe wake ulikuwa kwamba anayeweza kumharibia Robinson ni watu wake wenyewe, wakija kulewa, kupigana na kutamba majukwaani. Fikiria hilo. Watu waliofungiwa mlango miaka 60 wanaambiwa kwamba kikwazo ni wao. Waliomsikiliza hawakutoka nje kwa hasira. Waliunda kamati. Magazeti ya Weusi na wahubiri makanisani waliibeba kampeni ile, katika miji mingine pia, wakiwasihi watu wasibebe chupa, wasipige kelele kupita kiasi, wasimharibie Jackie bahati yake.

Unaweza kuikasirikia kampeni hiyo, na mimi naikasirikia. Lakini sidhani kwamba waliokubali walikuwa wanyonge. Walihesabu. Walijua wachezaji wa timu pinzani wangeweza kusimama na kumporomoshea Robinson matusi ya rangi, kama walivyofanya Philadelphia Phillies wakiongozwa na kocha wao Ben Chapman wiki ya pili ya msimu, na bado ligi isingewafungia Weupe wote milango. Shabiki mmoja Mweusi aliyelewa angekuwa ushahidi dhidi ya watu milioni 13. Basi wakavaa nguo za kutokea, wakakaa wima, wakapiga makofi.

Shahidi mmoja wa mavazi hayo ni Mike Royko, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa magazeti wa Chicago. Mei 18, 1947, akiwa na miaka 14, alikwenda Wrigley Field siku Robinson alipocheza hapo mara ya kwanza. Waliolipa kiingilio walikuwa 46,572, idadi ambayo uwanja ule haukuwahi kuiona. Royko aliandika kuhusu siku hiyo miaka 25 baadaye. Anakumbuka Weusi waliofurika upande huo wa mji ambao kwa kawaida hawakuonekana, wanaume wamevaa tai na viatu vinavyong'aa, wamevaa kama watu wanaokwenda kanisani. Hawakupiga kelele. Robinson alipoingia walipiga makofi marefu yasiyotaka kuisha.

Katika mchezo ule Robinson aliupiga mpira ukaenda pembeni, ukaingia majukwaani, na Royko akaudaka. Mpira unaoingia jukwaani ni wa aliyeudaka. Mwanaume Mweusi wa makamo aliyekuwa karibu naye akamwomba amuuzie kwa dola 10. Kwa kijana wa mtaani mwaka 1947 zilikuwa hela nyingi sana. Akaupokonya mkono wake mwenyewe, akatoa mpira, akachukua hela. Akiwa mtu mzima aliandika kwamba alijuta nyakati fulani: ama angebaki nao, ama angempa yule bwana bure, kwa kuwa siku ile hakuelewa mtu yule alikuwa amefanya kazi kiasi gani kuzipata dola 10. Robinson mwenyewe hakupata pigo lolote la maana siku hiyo. Yule bwana alirudi nyumbani na mpira wa mchezo mbaya wa Jackie, na sina shaka uliwekwa mahali pa heshima.

Mshahara wa Robinson mwaka ule ulikuwa dola 5,000, kima cha chini cha ligi. Ligi yake, kwa mara ya kwanza katika historia yake, ilivuka watazamaji milioni 10 katika msimu mmoja. St. Louis, ambako hadi mwaka 1944 Mweusi aliyelipa kiingilio aliruhusiwa kukaa sehemu moja tu ya uwanja, nyuma ya upande wa kulia, sasa ilikuwa inahesabu hela za wale wale iliokuwa ikiwabagua. Uwanja ule ulikuwa wa mwisho katika ligi kuu kuifuta rasmi sheria hiyo.

Sasa zile nguo za kutokea. Hazikununuliwa kwa ajili ya Robinson. Watu Weusi walikuwa wanakwenda uwanjani na nguo za Jumapili kwa miaka mingi kabla yake, ila viwanja vilikuwa vingine. Kansas City, yalikokuwa makao ya Monarchs, timu ya Weusi ambayo Robinson aliichezea mwaka 1945, makanisa yaliwahisha ibada ya Jumapili ili waumini watoke moja kwa moja kwenda mpirani. Chicago, tangu mwaka 1933, ilikuwa na mechi ya kila mwaka ya nyota wa ligi za Weusi, Mashariki dhidi ya Magharibi, katika uwanja wa Comiskey Park. Mwaka 1943 waliingia watu zaidi ya 51,000. Wengi walikuja kwa treni kutoka mbali, wakafikia kwa shangazi na binamu waliotangulia kuhamia Kaskazini, na mji mzima ukawa na harusi ya siku tatu. Safari ya familia kwenda uwanjani, pamoja na boksi la kuku, watoto waliopakwa mafuta wakang'aa na bibi mwenye kofia yake, ilikuwa desturi iliyokomaa. Mwaka 1947 desturi hiyo ilibadilisha uwanja.

Aliyeliona hilo mapema kuliko wengi ni Effa Manley, mwanamke aliyeendesha timu ya Newark Eagles pamoja na mumewe. Mwaka 1946 timu yake ilitwaa ubingwa wa ligi za Weusi. Mwaka uliofuata watazamaji wake walipungua kwa zaidi ya nusu. Newark haiko mbali na Brooklyn. Familia zilizokuwa zikimlipa yeye sasa zilipanda treni kwenda Ebbets Field. Juzijuzi tu wachezaji wake walikuwa fahari ya mji. Sasa hata magazeti ya Weusi yaliwapa kona ndogo, kurasa zikiwa zimejaa Jackie alikula nini na alipiga mara ngapi. Rickey hakuwalipa Monarchs hata senti kwa kumchukua Robinson. Julai 1947, Cleveland walipomtaka Larry Doby wa Eagles, Manley aling'ang'ana mpaka akapewa dola 15,000, na alijua hata hizo ni bei ya hasara.

Mwaka 1948 Robinson aliandika makala katika jarida la Ebony akizilaumu ligi za Weusi: safari za basi zisizoisha, hoteli mbovu, waamuzi wabovu. Manley akamjibu kwa ukali kwamba hana shukrani. Nimewahi kushawishika kumtetea kila mmoja kwa wakati wake. Robinson alisema kweli: safari zile ziliumiza miili ya watu. Lakini hoteli zilikuwa mbovu kwa sababu nzuri zilifungwa kwa Weusi, na mabasi hayakuishia popote kwa sababu hapakuwa na pa kulala. Lawama ilimwangukia mwenye nyumba iliyoungua. Ligi ya Manley ilivunjika baada ya msimu wa 1948, Eagles wakauzwa wakapelekwa Houston. Hakuna familia iliyofanya kosa kwa kwenda Brooklyn. Nani angemwambia mzazi asimpeleke mwanawe kumwona Robinson?

Desemba 2020 ligi kuu ya Marekani ilitangaza kwamba ligi saba za Weusi za kati ya mwaka 1920 na 1948 zilikuwa, na zinahesabiwa rasmi kuwa, ligi kuu. Mei 2024 takwimu zake ziliingizwa kwenye daftari moja na za wengine, na Josh Gibson, aliyefariki mwaka 1947 miezi mitatu kabla ya Robinson kuingia Ebbets Field, akawa mpigaji mwenye wastani bora kuliko wote waliowahi kucheza. Kwa uamuzi huo, bibi aliyekwenda Newark au Kansas City na kofia yake ya kanisani alikuwa kwenye mchezo wa ligi kuu muda wote ule. Amepewa taarifa akiwa kaburini.

Septemba 23, 1947, Ebbets Field ilifanya siku ya kumheshimu Robinson, ile ile ambayo Rickey aliwaonya Weusi wasiandae. Alipewa gari la Cadillac na zawadi nyingine. Mallie alikuja kutoka California. Mwanamke aliyetoka Georgia usiku na watoto watano sasa alisimama uwanjani Brooklyn mchana, watu wakimpigia makofi.

Baada ya kustaafu, Robinson aliendelea kushughulika na nauli za watu wengine. Mwaka 1959 Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya, alikwenda Marekani kutafuta fedha za kuwasafirisha vijana waliokuwa wamepata nafasi za vyuo lakini hawana tiketi. Robinson, mwanamuziki Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia saini barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 walisafiri kwa ndege. Mwaka uliofuata likaenda kundi kubwa zaidi, na Wangari Maathai alikuwa mmoja wao.

Dodgers walikuwa wameshaihama Brooklyn baada ya msimu wa 1957, na Ebbets Field ilianza kubomolewa mwaka 1960, yakajengwa maghorofa ya kuishi. Uwanja mpya wa timu, Dodger Stadium, ulifunguliwa Los Angeles Aprili 10, 1962, juu ya vilima vya Chavez Ravine. Hapo palikuwa na vitongoji vitatu vya familia za asili ya Mexico. Tangu mwaka 1950 waliamriwa kuuza ili zijengwe nyumba za umma. Nyumba zile hazikujengwa kamwe, na Mei 1959 askari waliwabeba wa mwisho waliogoma kutoka, kamera za televisheni zikipiga picha. Uwanja ukapendwa sana na familia. Wajukuu wa waliofukuzwa, wengine wao, wanakwenda.

Robinson alionekana hadharani uwanjani mara ya mwisho Oktoba 15, 1972, katika mechi ya fainali, mjini Cincinnati. Alikuwa na miaka 53, kisukari kimemwondolea karibu macho yote. Jackie Junior, yule mtoto wa ndani ya koti, alikuwa amefariki kwa ajali ya gari mwaka mmoja kabla. Robinson alishukuru kwa heshima aliyopewa, kisha akasema angefurahi zaidi siku atakapomwona kocha Mweusi akiongoza timu. Alifariki siku tisa baadaye. Kocha wa kwanza Mweusi alianza kazi Cleveland mwaka 1975.

Mwanawe mdogo, David, alihamia Tanzania katika miaka ya 1980. Akawa mkulima wa kahawa Mbozi, nyanda za juu kusini, akalea watoto wake huko, na pamoja na wakulima majirani akatafuta njia ya kuiuza kahawa yao Marekani moja kwa moja. Aprili 15, 2017, alikuwa Dodger Stadium pamoja na dada yake Sharon na mama yao Rachel, aliyekuwa na miaka 94, ilipozinduliwa sanamu ya shaba ya baba yao. Imechongwa akiwa anateleza kuingia nyumbani, mguu mmoja mbele, mkono mmoja nyuma. Siku hiyo, kama ilivyo kila Aprili 15, wachezaji wote wa timu zote mbili walivaa jezi namba 42, namba yake, na mgeni aliyekaa majukwaa ya juu hakuweza kujua nani ni nani.